Kufuata Njia ya Pamba Iliyorejelezwa: Nakuru, Eldoret, Kisumu na Nambale

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani Nakuru, nikiipanga upya kutokana na daftari langu na picha za simu. Mimi na wenzangu tunashona aproni, mashati na sare za kazi, na mnunuzi wetu mmoja alituuliza kama tunaweza kumshonea aproni za kitambaa chenye pamba iliyorejelezwa, yaani pamba iliyotolewa kwenye nguo kuukuu au vipande vya kitambaa, ikararuliwa na kusokotwa upya. Kitambaa cha namna hiyo huagizwa kutoka ng'ambo bila taabu. Nilichotaka kukijua ni kama pamba hiyo inaweza kutokana na mabaki yetu wenyewe, katika ukanda huu wenye mashamba ya pamba, viwanda vya nguo na masoko makubwa ya mitumba. Nikafunga safari mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha.

Jumanne: Nakuru, jaa la Gioto

Nilianzia mahali ambapo nguo huishia. Jaa la Gioto liko pembezoni mwa mji, kwenye mteremko wa upande wa Menengai, na wako watu wanaoishi kwa kuchambua taka zake. Chupa za plastiki zina mnunuzi, vyuma vina mnunuzi, hata mifupa ina mnunuzi, lakini nguo zilikuwa zimelala chini zimelowa, zimeshikana na maganda ya ndizi na majivu. Mama mmoja anayechambua taka huko kwa miaka mingi alinieleza sababu kwa maneno machache: nguo ikishafika Gioto imekwisha kuchafuka, na hakuna atakayelipa mtu aifue ndipo airarue.

Huyo mama ndiye aliyenionyesha namna ya kutambua pamba pasipo lebo. Alichomoa uzi kwenye shati, akauwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Uzi wa polisteri hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Shati lile lilikuwa na vyote viwili. Kisha akachomoa uzi wa mshono kwenye fulana ambayo mimi ningeapa kuwa ni pamba tupu, na huo nao ukaacha kidonge. Nguo nyingi za pamba zimeshonwa kwa uzi wa polisteri, jambo ambalo sisi washonaji tunalijua lakini hatulifikirii, na ambalo lilirudi mbele yangu karibu kila mahali nilipofika baadaye.

Taasisi ya Ellen MacArthur ilieleza mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi ya kutengenezea nguo duniani hurejelezwa kuwa nguo mpya. Nilikuwa nimeisoma takwimu hiyo zamani. Gioto niliielewa.

Kwa atakayetaka kwenda: vaa buti za mpira, jitambulishe kwanza kwa viongozi wa kikundi cha wachambuzi, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Nilichangia chai na mkate kwa shilingi 400, na nilifundishwa mambo yenye thamani kubwa kuliko hiyo.

Jumatano: Nakuru hadi Eldoret

Nauli ya matatu ilikuwa shilingi 600. Tulipita Salgaa salama, lakini kabla ya kufika Mau Summit lori lilikuwa limelala kando ya barabara na magari yakawa yanapita upande mmoja kwa zamu, hivyo tulikaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili. Timboroa ni juu sana na baridi yake haina huruma. Nilikuwa na sweta jepesi, na msichana aliyeketi kando yangu, mwanafunzi anayerudi chuoni, alinifunika nusu ya leso yake bila kuulizwa. Tulinunua viazi vya kuchoma kwa shilingi 50, tukala pamoja. Baada ya Burnt Forest nililala mpaka Eldoret.

Eldoret hujulikana kwa wanariadha, lakini ni mji wa nguo pia. Rivatex, kiwanda cha nguo cha mji huu, ilianzishwa katika miaka ya 1970, ikasimama mwishoni mwa karne iliyopita, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na ikazinduliwa upya mwezi Juni 2019 ikiwa na mitambo mipya. Mzee mwenye kibanda cha chai karibu na kituo, ambaye aliwahi kufanya kazi ya kufuma katika mji huu, aliniambia kwamba zamani hata vumbi la pamba lililofagiwa sakafuni lilikuwa na mtu wa kulichukua. Jioni nilikula ugali, mboga za saga na mursik kwa shilingi 250.

Alhamisi: Eldoret, ndani ya kiwanda

Kiwanda nilichotembelea siku hii sitakitaja jina, kwa kuwa wenyewe waliniomba hivyo. Barua ya kuomba ruhusa nilikuwa nimeituma wiki kadhaa mapema, na bila barua nisingevuka lango. Msimamizi wa idara ya kusokota, mtu mpole mwenye nyuzinyuzi nyeupe kwenye nyusi, alinitembeza asubuhi nzima, na kila nilipouliza swali alisimama, akasubiri mashine itulie, ndipo akanijibu.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni kwamba kiwanda cha kusokota hurejeleza pamba kila siku bila kujisifu. Pamba inayodondoka kabla ya kusokotwa kuwa uzi, kwa mfano utambi laini unaokatika baada ya kuchanwa, hurudishwa mwanzo kabisa wa mstari na kuchanganywa na pamba mpya. Uzi uliokwisha kusokotwa ndio mgumu kurudisha, kwa sababu umepotwa na kukazwa, na ili uwe pamba tena lazima uraruliwe kwa ngoma zenye meno ya chuma. Mabaki hayo magumu huuzwa kwa gereji kuwa vitambaa vya kufutia grisi.

Hapo ndipo alipofika kwenye kiini cha mambo, na nimeyaandika maelezo yake karibu yote. Unyuzi wa pamba ya kawaida inayolimwa kwetu una urefu wa takribani milimita 28. Wasokotaji huhesabu kuwa unyuzi mfupi ni ule ulio chini ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kitambaa kinaporaruliwa, nyuzi nyingi hukatika na kuingia katika kundi hilo la nyuzi fupi, na nyuzi fupi hazishikani vizuri: uzi unakuwa mnene, una vinundu, na hukatika ovyo kwenye mtambo wa kufumia. Ndiyo maana pamba iliyorejelezwa mara nyingi huchanganywa na pamba mpya, au na polisteri, na kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ni cha kawaida katika nguo. Mashine zinazosokota kwa rota, yaani chombo kidogo kinachozunguka kwa kasi kubwa na kuzikusanya nyuzi ndani yake, huvumilia nyuzi fupi kuliko mashine za pete, zinazopota uzi kupitia pete ndogo ya chuma, lakini uzi wake hufaa zaidi jinzi, turubai, mifuko, mablanketi na nguo za kazi kuliko shati laini.

«Usiniletee nguo ya mtu aliyekwisha kuivaa miaka kumi, mama,» aliniambia. «Niletee kilichodondoka chini ya mkasi wako.»

Sababu zake zilikuwa wazi. Kipande kilichobaki kwenye meza ya kukatia hakijafuliwa wala kusuguliwa, kwa hiyo nyuzi zake bado zina nguvu. Hakina vifungo, zipu, lebo, mpira wa kiunoni wala ule uzi wa polisteri. Na aliyekikata anajua kimetokana na jora gani, kwa hiyo aina na rangi vinajulikana. Katika ushonaji wa viwandani, asilimia 10 hadi 15 ya kitambaa huweza kuishia kuwa vipande vya namna hii, na kwetu sisi wenye meza fupi hali si bora. Vipande vyetu tumekuwa tukimuuzia mtu wa kujazia mito kwa shilingi 20 kwa kilo, vyote vimechanganywa katika gunia moja, pamba na polisteri, nyeupe na nyeusi. Kwa msokotaji, gunia la namna hiyo halina thamani yoyote.

Suala la rangi lilinigusa hasa. Vipande vikitenganishwa kwa rangi kabla ya kuraruliwa, uzi hutoka ukiwa na rangi yake tayari, na haulazimiki kupitia tena kwenye sufuria za kutia rangi, ambako maji mengi, joto na kemikali hutumika. Mto Sosiani hupita katikati ya Eldoret, na kila kiwanda cha kutia rangi kinapaswa kusafisha maji yake kabla ya kuyaachilia. Rangi isiyotiwa ni maji yasiyochafuliwa, na hilo ni faida inayoonekana hapa hapa, wala haihitaji kukisiwa kutoka mbali.

Niliuliza pia kuhusu njia ya kemikali, inayoyeyusha pamba na kuifanya rojo la kutengenezea viskosi, aina ya uzi laini. Alinitajia kampuni ya Renewcell, iliyojenga kiwanda kikubwa cha kazi hiyo Sundsvall nchini Uswidi na kufilisika mwezi Februari 2024, kabla ya kupata wamiliki wapya. Mitambo ilikuwepo, alisema, lakini oda zilichelewa. Kwa upande wetu, njia ya kurarua ndiyo iliyo karibu.

Kwa atakayeomba kutembelea kiwanda: andika barua mapema, eleza unachotaka kuona, na uvae viatu vilivyofungwa. Ukiwa na nia ya kuuza nje, uliza mapema kuhusu vyeti. Kiwango cha kimataifa kinachojulikana kwa kifupi kama GRS hukubali bidhaa yenye angalau asilimia 20 ya malighafi iliyorejelezwa, lakini nembo yake haibandikwi kwenye bidhaa inayomfikia mnunuzi wa mwisho mpaka malighafi hiyo ifike asilimia 50; kiwango kingine, kinachoitwa RCS, huanzia asilimia 5. Mnunuzi anayesema «pamba iliyorejelezwa» bila kutaja asilimia bado hajakuambia kitu.

Ijumaa: Eldoret hadi Kisumu

Nauli shilingi 500, kupitia Kapsabet na Chavakali. Mashamba ya chai, mvua, usingizi.

Kisumu nilipokewa na binti wa shangazi yangu, aliyenipeleka Dunga kula samaki. Ngege mkubwa wa kukaanga, ugali na sukuma wiki vilitugharimu shilingi 900 kwa watu wawili. Njiani alinionyesha upande kilikokuwa kiwanda cha Kicomi, kilichofuma na kutia rangi vitambaa tangu miaka ya 1960 na kufungwa katika miaka ya 1990, wakati mitumba ilipofunguliwa mlango na viwanda vya nguo vikaanza kuanguka kimoja baada ya kingine. Babake alifanya kazi huko. Alisema kwamba nyumbani kwao hawakuwahi kununua shuka mpaka kiwanda kilipofungwa.

Jumapili: Kisumu, soko la Kibuye

Jumamosi ilikwenda kwa mvua na kufua nguo. Jumapili ndiyo siku kuu ya Kibuye, soko ambalo watu hulihesabu miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki. Fika kabla ya saa moja asubuhi ukitaka kuona marobota yakifunguliwa.

Mama mmoja anayeuza mashati aliniruhusu niketi nyuma ya meza yake. Robota likikatwa kamba, nguo nzuri kabisa, kamera, hutengwa kwanza na wateja wanaofahamiana naye. Kisha huja za kawaida. Na mwisho wa siku hubaki fagia, zinazouzwa kwa shilingi 20 au 10 ili zisirudi nyumbani. Alikumbuka mwaka 2020, serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona, na fagia zilivyonunuliwa kwa bei ya nguo za kawaida.

Nilimwomba tuzipitie fagia zake. Nilitumia kiberiti changu, na yeye akatumia vidole tu, na mara nyingi vidole vyake vilikuwa sahihi kabla ya moto wangu. Tulipata fulana za pamba zilizofifia, nyingine zikiwa na michoro iliyochapwa kwa rangi nzito kama mpira kifuani. Tulipata jinzi za kubana, ambazo karibu zote zilikuwa na nyuzi za kuvutika, na hizo zikiingia kwenye ngoma ya kurarua huvutika na kujisokota badala ya kuachana. Mashuka meupe ya hospitali na hoteli ndiyo yaliyokuwa bora kuliko yote: kitambaa kipana, mshono mchache, rangi moja. Kama kuna atakayetaka kurejeleza pamba iliyokwisha kutumika katika ukanda huu, ninaamini aanzie kwenye mashuka, tena ayapate hotelini kabla hayajafika sokoni.

Lakini sikuondoka Kibuye nikitamani kuzichukua fagia za mama huyu. Shati la shilingi 20 bado linamvika mtu. Nguo inayoendelea kuvaliwa haihitaji kuraruliwa, kusokotwa wala kufumwa, na kila hatua kati ya hizo inakula umeme. Kwa hiyo kurarua kunafaa kuwa kwa kile kisichovalika tena, na kwa kile ambacho hakijawahi kuwa vazi. Nilipotaka kumlipa kwa muda wake alikataa, akanipa chungwa, akasema, «Dada, ukishapata huyo wa kununua vilivyochanika, mwambie mama wa mashati wa Kibuye ana magunia.»

Jumatatu: Kisumu, Busia, Nambale

Nauli ya Kisumu hadi Busia ilikuwa shilingi 450, kupitia Maseno, Yala, Ugunja na Bumala. Kutoka Busia nilichukua matatu nyingine hadi Nambale kwa shilingi 100, kisha bodaboda kwenye udongo mwekundu ulioteleza sana, hata kijana akaniomba nishuke mara kwa mara tutembee. Hakuniongezea nauli, alisema matope si kosa la abiria.

Mkulima niliyeelekezwa kwake ni mzee aliyelima pamba tangu enzi za vyama vya ushirika, akaiacha malipo yalipochelewa misimu mingi, na akairudia miaka ya karibuni. Mkewe alitupokea kwa kuku na mrere. Mzee aliuliza swali ambalo nililiogopa: «Mwanangu, nyinyi mkisokota vitambaa vya zamani, pamba yangu nitamuuzia nani?»

Nilimweleza niliyoyaona Eldoret. Nyuzi fupi haziwezi kusimama peke yake. Katika uzi wenye asilimia 20 ya pamba iliyorejelezwa, asilimia 80 inayobaki yaweza kutoka shambani kama lake. Mshindani wake mkubwa ni polisteri, kwa sababu uzi huo huo waweza kuchanganywa nayo kwa bei nafuu. Kwa hiyo tukijali jambo hili, hatuna budi kutaja wazi kwamba mwenzi wa mabaki yetu ni pamba, na tuwe tayari kulipa tofauti ya bei.

Hapa pia nilijifunza kuwa mwangalifu na takwimu. Husemwa kwamba fulana moja ya pamba hugharimu lita 2,700 za maji. Hiyo ni wastani wa dunia, na ndani yake yamo mashamba ya umwagiliaji, kama yale ya Asia ya Kati yaliyoifanya Bahari ya Aral ikauke kwa sehemu kubwa tangu miaka ya 1960. Pamba ya mzee huyu hunyweshwa na mvua. Nikimwambia mteja wangu kwamba kila aproni imeokoa maelfu ya lita za maji ya Busia, nitakuwa ninamdanganya. Ninachoweza kumwambia kwa haki ni rangi isiyotiwa mara ya pili, vipande visivyochomwa wala kutupwa Gioto ambako pamba iliyofukiwa bila hewa huoza na kutoa gesi ya methani, na dawa isiyopulizwa kwa kiasi cha pamba ambacho hakikuhitajika. Kuhusu dawa, mzee alisema mdudu wa vitumba ndiye aliyemtesa zaidi; serikali iliidhinisha pamba ya Bt, inayojikinga na mdudu huyo, mwezi Desemba 2019, lakini dawa za wadudu wengine bado zinahitajika.

Kisha tukaenda shambani. Pamba nyingine ilikuwa imefumbuka, na mkewe alikuwa akichuma akiwa na mifuko miwili kiunoni. Safi iliingia upande wa kulia, na fifi, ile yenye madoa au iliyoguswa na wadudu, upande wa kushoto. Nilimuuliza kwa nini asichume yote kisha aichambue nyumbani akiwa ameketi. Alinijibu kwamba ikishakutana mfukoni haitengani tena, kwa kuwa majani na madoa huingia ndani, na mnunuzi huilipa yote bei ya fifi.

Nilisimama katikati ya mistari ile nikawapigia simu wenzangu Nakuru. Niliwaambia waache mara moja kufagia vipande vyote kwenye gunia moja, na waweke magunia chini ya meza ya kukatia yenyewe: pamba nyeupe, pamba ya buluu, pamba ya rangi nyingine, na la mwisho la chochote chenye polisteri au ambacho hatuna hakika nacho. Mkataji ndiye atakayetenga, mkono wake ukiwa bado umeshika mkasi, kwa sababu ndiye pekee anayejua jora lilikotoka.

Jumatano: kurudi

Nilirudi Nakuru kutoka Kisumu kupitia Ahero na Kericho kwa shilingi 800, barabara ikiwa nzuri na gari likiwa na watu wachache.

Kiwanda cha Eldoret kimesema kitafanya jaribio kikipata angalau tani moja ya vipande vya rangi moja, na kwamba kurarua itabidi kufanywe mahali pengine kwa kuwa wao hawana ngoma za kazi hiyo, hivyo gharama ya usafiri itaongezeka. Duka letu peke yake haliwezi kufikisha tani hiyo haraka. Washonaji wa sare za shule tunaopakana nao wamekubali kuweka magunia kama yetu, kuanzia na nyeupe na buluu, ambazo ndizo rangi wanazozikata zaidi. Mnunuzi wa mito ataendelea kupewa gunia la mwisho. Mnunuzi wa aproni nimemwandikia kwamba tutalenga asilimia 20 ya mabaki ya ukataji na asilimia 80 ya pamba mpya, bila polisteri, kwamba uzi utakuwa mnene na kitambaa kizito kidogo, na kwamba lebo haitataja asilimia yoyote mpaka kiwanda kitupe karatasi ya vipimo. Amekubali kusubiri hadi mwezi Aprili.